Vesti Niliyokataa Kuipunguza

Voi, Jumanne, baada ya chakula

Wakesho mwanangu,

Vesti yako iko hapa mezani kando ya cherehani, na sijaitia hata sindano. Naanza na hilo kwa sababu ndilo utakalotaka kulijua kwanza, na kwa sababu tangu Jumapili hatujaongea vizuri mimi na wewe. Tumeulizana chumvi iko wapi na nani amechukua chaja, basi.

Umeingia kulala, lakini nasikia kitanda kikilia kila unapogeuka. Ningeweza kuja nikae hapo ukingoni nikuambie haya kwa mdomo. Unanijua lakini. Nikianza kuongea nitapandisha sauti, na nikipandisha sauti utasema, "Mama, acha hizo," na hapo nitakuwa nimeshindwa. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Sitakuandikia habari za soksi, wala maji ya kunywa, wala kujiheshimu. Begi lako umelifungasha vizuri kuliko begi lolote nililowahi kulifunga mimi. Nataka tu ujue kwa nini nilikukatalia, ili kesho usiondoke ukifikiri mama yako hapendi kazi ya uaskari wa wanyamapori uliyoichagua. Siipendi, ni kweli, lakini hilo silo lililonifunga mkono.

Jumapili ulirudi kutoka ranchi na vifaa vyako, ukavitandaza kitandani kama bibi harusi anayeonyesha zawadi zake: buti, kofia, tochi, na ile vesti ya kuzuia risasi. Ukaivaa. Ikakumeza. Ilitengenezewa mwanamume mwenye mabega, na wewe ni msichana mwenye kifua, kwa hiyo mbele imekubana na ubavuni imekuachia, hata mtu angeweza kupitisha ngumi chini ya kwapa. Ulikuwa unacheka. Ulisema, "Kiongozi wetu ameniambia nitafute fundi anipunguzie. Nikamwambia, mimi fundi niko naye kwa nyumba."

"Hapana," nikasema.

"Hapana aje?"

"Sishoni hiyo."

"Mama, ni hapa kando tu. Si unapunguza nguo za Voi mzima?"

"Nimesema sishoni, Wakesho."

Ndipo ukasema, "Lakini ya baba ulipunguza."

Najua hukusema kwa ubaya. Umekua ukiitazama ile picha ya sebuleni, baba yako amesimama mbele ya gari la doria, vesti imemkaa utadhani alizaliwa nayo, na kila mgeni akiingia anaambiwa na bibi yako kwamba hiyo alishonewa na mke wake. Hukujua unanipiga kwa kitu gani. Nikaenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Sasa nikuambie.

Unajua mji huu. Hapa kila kitu kinapunguzwa. Koti linatoka Ulaya kwenye bunda la mitumba, limeshonewa Mzungu wa kilo mia, na wiki hiyo hiyo linaonekana kanisani Mwakingali limemkaa mwalimu mwembamba. Katikati ya bunda na kanisa kuna mtu kama mimi. Wakati wa baba yako nilikuwa na jina. Watu walikuwa wanashuka na nguo zao kutoka vijiji vya milimani, Mwanda na Ronge, wanawapita mafundi wengine wote, wanakuja kukaa kwenye benchi langu. Nilikuwa na kiburi cha mkono, mwanangu. Niliamini hakuna kitu chenye mshono ambacho siwezi kukifungua nikakifunga kikiwa kizuri zaidi.

Kisha ranchi aliyokuwa akiilinda baba yako ikaletewa vesti na wahisani fulani. Zilikuwa zimetumika huko zilikotoka. Kila askari alipewa moja, na hakuna aliyeulizwa kimo chake. Mwadime, baba yako, alikuwa mwembamba, unamkumbuka. Ya kwake ilimshuka hadi chini ya kiuno, akikaa garini inampanda shingoni inamkaba. Akaniletea. Hakunilazimisha. Alisema, "Angalia kama inawezekana." Hilo neno kwangu lilikuwa kama kunichokoza.

Nikafumua kava la nje. Ndani nikakuta kitu kama mto mwembamba, kimefungwa ndani ya mfuko mweusi ulioyeyushwa kingo zote ukashikana, bila uzi popote. Mtu mwenye akili angejiuliza, kwa nini waufunge hivi? Mimi nilisema moyoni, hawa wa kiwandani wavivu, hata kushona hawakushona. Nikaukata. Ndani kulikuwa na kitambaa cha manjano, tabaka juu ya tabaka, kimefumwa vizuri hata nikakishikashika kwa wivu. Nikatia mkasi wangu mkubwa. Ukakataa. Ukatafuna tafuna kingo kama mbuzi aliyepewa kamba.

Nimeifikiria dakika ile miaka yote hii, maana ndipo nilipoambiwa wazi na sikusikia. Kitambaa kilichoshinda mkasi wa fundi kilikuwa kinaniambia kwamba hakikuletwa kwangu. Mimi nikavuka barabara nikaazima kisu cha fundi viatu.

Nikakata ubavuni, chini ya kwapa, pande zote mbili, upana wa kiganja changu. Nikapiga mishono mizito kupita tabaka zote ili zisihame. Mfuko mweusi nikaubandika kwa gundi. Na kwa kuwa vesti ilikuwa inanuka jasho la watu nisiowajua, nikailoweka kwenye sabuni na dawa ya kutoa madoa, nikaianika juani siku nzima, jua hili letu, kisha nikaipiga pasi. Kila kitu ambacho mtu hapaswi kukifanyia kitu kile, nilikifanya, tena kwa upendo.

Vile vipande vya manjano vilivyobaki sikuvitupa. Unajua situpi kitambaa. Nilivifunika kwa kitenge nikashonea vishikio vya sufuria. Wewe umeepulia uji kwa vile vishikio ukiwa mdogo. Uliwahi kuniuliza vilienda wapi, nikakuambia vimeungua. Havikuungua. Nilijaribu kuvichoma nyuma ya nyumba, baada ya mazishi, na kitenge kiliteketea lakini kile cha ndani kilikataa kushika moto.

Baba yako alivaa mbele ya kioo, akageuka huku na huku, nikamwambia, "Sasa hata risasi itabisha hodi kwanza." Tukacheka sana. Nilipenda alivyocheka. Wenzake walimwona, na wawili wakaniletea za kwao, nikazikata pia.

Yaliyofuata unayajua nusu. Unajua walikuwa wanafuata nyayo za watu waliotega nyaya za kunasa swara, na kwamba waliwakuta asubuhi kwenye mawe, na kwamba mmoja wao alikuwa na bunduki. Unajua baba yako alipigwa. Nilikuacha uamini kwamba alipigwa kama mtu anavyopigwa na radi, hakuna wa kulaumiwa ila yule aliyefyatua.

Kombo, mwenzake wa doria, alikuwa naye. Alikuja hapa nyumbani baada ya kilio kutulia, akakaa kwenye kiti kile cha mlangoni, akakataa chai. Akasema, "Shemeji, sisi wote tulilala chini. Yeye alisimama awapigie kelele wajisalimishe. Nikamwambia, Mwadime, lala. Akajipigapiga kifua hivi, akasema, usijali, mke wangu amenishonea."

Kombo alidhani ananipa kumbukumbu nzuri. Nilimshukuru. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikarudi nikafunga mlango, na tangu siku ile sijui namna ya kuitazama ile picha ya sebuleni. Nimeiacha ukutani kwa sababu yako na ya bibi yako.

Kuna mtu mmoja tu niliyemwambia. Unamkumbuka Bwana Shako wa Ronge, yule mwanajeshi mstaafu aliyekuwa akifundisha askari wa ranchi, mwenye sauti ya kukwaruza. Nilimwendea nikamwambia vesti ya Mwadime niliikata, na kuna nyingine mbili huko kambini. Hakunibembeleza wala hakunigombeza. Siku hiyo hiyo alizitoa zile mbili zisivaliwe tena, na wiki iliyofuata akaja dukani kwangu na mzigo wa vifaa vyake vya kufundishia kwenye gunia, akaumwaga juu ya meza yangu ya kukatia nguo. Akasema, "Mama Wakesho, kama utalia, lia ukijua unalilia nini." Yote ninayojua juu ya vitu hivi yalianzia pale, na mengine nimeyatafuta mwenyewe kwa miaka, nikisoma kwenye simu wakati wateja hawapo. Sikuwahi kukuambia kwa sababu ungeniuliza kwa nini fundi wa nguo anasoma habari za risasi.

Vesti laini, hiyo unayoweza kuipinda kidogo kwa mikono, ni ya bastola. Shako alinieleza kwa mfano wa wavu wa goli. Mpira ukiingia, wavu mzima unajivuta, kila kamba inachukua sehemu yake, mpira unachoka unadondoka. Nyuzi zile za manjano zinafanya hivyo kwa risasi ya bastola, ambayo ni butu na mbio zake si nyingi sana. Sasa kata wavu karibu na mlingoti. Kamba hazina tena pa kujivutia, na mpira unapita. Ndiyo maana hata kwenye vesti nzima ukingo hauaminiki kama katikati, na mimi nilileta ukingo karibu na moyo wa mtu. Mishono yangu nayo ilizibana tabaka zisiweze kuvutana. Maji, jua na ile dawa ya madoa vinazila nyuzi zenyewe, ndiyo sababu ule mfuko mweusi uliyeyushwa ukazibwa bila tundu.

Risasi ya bunduki ndefu ni habari nyingine. Ina ncha, ina mbio, inapenya kabla nyuzi hazijapata nafasi ya kushikana. Hiyo huzuiwa na bamba gumu linalotiwa kwenye mfuko wa mbele na wa nyuma. Shako alikuwa na mabamba ya kufundishia kwenye gunia lake. La chuma ni zito na halivunjiki, lakini risasi ikiligonga inapasuka, na vipande vinarukia kidevu na mikono yako, labda liwe limepakwa utando mzito wa kuvidaka. Lingine ni la udongo wa kuchomwa, mfano wa kigae cha sakafu, na nyuma yake kuna tabaka la nyuzi. Hilo linaivunja risasi kwa kuvunjika lenyewe. Kwa hiyo aliyelidondosha kwenye saruji huenda ameshalitumia bila kujua, na ufa wake hauonekani kwa macho mpaka lipigwe eksirei kama mfupa. La tatu ni plastiki, jamaa ya jerikani ila nyuzi zake zimenyooshwa na kushindiliwa. Utalipenda kwa wepesi. Lakini halipendi joto, usiliache garini saa saba mchana huko tambarare, na kuna risasi zenye kiini cha chuma ambazo hulipita.

Nilimuuliza Shako swali moja nililokuwa nimelibeba. Kama nisingekata, Mwadime angepona? Akasema, "Risasi ile ilikuwa ya bunduki ndefu. Vesti ile ilikuwa ya bastola. Hata ungeiacha nzima ingepita." Nikamuuliza, ilipita wapi? Akaanza kuyarudisha mabamba kwenye gunia. Alijua mimi na mama yake Mwadime ndio tuliomwosha, nilijua ilipita wapi. Ilipita ubavuni, pale ambapo hakukuwa na kitambaa chochote, kwa sababu kilikuwa jikoni kwangu.

Kwa hiyo sitajua, Wakesho. Kuna siku najiambia ingepita tu, na siku hizo nafanya kazi vizuri. Kuna siku nyingine ninaposhika kifua cha shati la mtu, mkono unakataa. Lakini hata nikijisamehe mkasi, siwezi kujisamehe yale maneno. Askari asiye na vesti anajua hana kitu, analala chini. Yangu ilimsimamisha. Nilimwambia risasi itabisha hodi, na aliniamini kwa sababu sikuwahi kumshonea kitu kikaharibika.

Sasa turudi kwa hii yako. Nilisema sijaitia sindano, sikusema sijaitazama. Kava limefungwa chini kwa kile kitambaa cha kunata, nalo linafunguliwa bila kuharibu kitu. Paneli ya ndani, ule mto wa nyuzi, ina lebo. Uisome mwenyewe kesho kwenye mwanga.

Imeandikwa tatu ya Kirumi na herufi A. Najua ulichoambiwa, maana nilikusikia ukimwambia rafiki yako kwenye simu: "Ni tatu A, iko juu ya tatu." Hiyo A imewadanganya wengi. Katika vipimo vya Wamarekani, ambavyo ndivyo vinavyofuatwa sehemu nyingi, mbili na tatu A ni za bastola. Tatu tupu ni ya bunduki ndefu. Nne ni ya bunduki ndefu yenye risasi ya kutoboa chuma. Tatu A iko chini ya tatu. Wenyewe waliona watu wanachanganyikiwa, na lebo mpya wameziandika vingine, HG kwa bastola na RF kwa bunduki ndefu, namba ikipanda ndivyo inavyohimili zaidi. Watu mnaowafuata huko porini hawatembei na bastola.

Kisha tazama tarehe. Ilitengenezwa ukiwa shule ya msingi, na muda ambao mtengenezaji mwenyewe aliahidi umeshapita. Haimaanishi imekufa siku ile ulipokwisha. Inamaanisha hakuna mtu tena anayekuahidi chochote. Ukipewa nyingine, tafuta jina la mtengenezaji na namba ya modeli, halafu uitafute kwenye orodha ya zilizopimwa, ipo kwenye mtandao, bure. Wauzaji wanapenda kuandika kwamba kitu kimetengenezwa kulingana na kiwango fulani. Hayo ni maneno ya mdomo tu. Mimi pia naweza kushona suti kulingana na suti ya rais.

Mbele kuna bamba moja, nyuma mfuko mtupu. Bamba hilo nililishika nikapitisha vidole juu ya kitambaa chake kama ninavyotafuta pini iliyosahaulika kwenye pindo. Kona ya chini inavunjikavunjika ndani, kama biskuti kwenye pakiti. Na kibandiko chake kinasema ni la kuvaliwa pamoja na vesti laini nyuma yake, si peke yake. Yaani hata likiwa zima, linategemea vesti ambayo muda wake umepita.

Nikiwa na hivi vyote mezani, shetani wangu wa zamani alinijia. Najua naweza kukutengenezea kava jipya la nje likukae vizuri, lenye mikanda ya kuvuta ubavuni, bila kugusa paneli. Hiyo kazi si dhambi, ndiyo njia halali ya kumrekebishia mtu vesti. Nilishachukua kitambaa kizito cha kijani rafuni. Kisha nikajiona, nimekaa pale pale, ninaivisha nguo nzuri vesti mbovu ili mtu ninayempenda ajisikie salama. Nikakirudisha kitambaa.

Kwa hiyo itakwenda kama ilivyokuja. Nitaitia kwenye begi lako asubuhi, ikiwa imelala, haijakunjwa. Mkabidhi yule wa stoo mbele ya wenzako, useme kwa sauti kwamba ni ya bastola, muda wake umepita na bamba lina ufa, unaomba inayokufaa, saizi ya mwanamke, na mabamba mawili. Zipo za wanawake, zimeshapimwa, wasikuambie hazipo. Watakucheka. Kiongozi wako atasema mama yako fundi cherehani amejua lini mambo ya vita. Mwambie amejua siku ya mazishi. Baba yako alikuwa mtu wa kuona haya kuuliza. Alipewa kisichomtosha, akasema asante, akaniletea mimi. Hilo nalo sikuwahi kumlaumu hadi nilipokuona na wewe umepewa kisichokutosha, umesema asante, umeniletea mimi.

Na ikiwa wataendelea kukuvalisha hiyo hiyo, kwa sababu ndiyo iliyopo na doria haingoji, basi ivae, lakini jihesabu hujavaa kitu. Lala wenzako wanapolala. Usisimame kwa sababu ya kitambaa. Hata ukipewa iliyo bora kuliko zote, yenye namba kubwa kuliko zote, ina mwisho wake: haifuniki shingo, haifuniki kwapa, haifuniki paja, na risasi iliyozuiwa nayo bado inaweza kukuvunja mbavu. Mtu akikuambia hii haipitwi na kitu, mkumbuke mama yako mbele ya kioo.

Nimefikiria kama niandike kwamba nisamehe. Nimeliandika mara moja kwenye karatasi nyingine nikaichana. Ulikuwa darasa la tatu, ulikuwa na baba, na mkono wangu umo katika sababu za kwa nini ulikua bila yeye. Sijui jambo kama hilo linaombewaje msamaha. Unaweza kukasirika. Ukikasirika ukiwa huko, usinipigie simu kunifariji, nipigie ukikasirika hivyo hivyo. Nitapokea.

Bibi yako hajui. Nikupe uzito huu pia: ukitaka kumwambia, sitakuzuia. Nimeshindwa kumwambia mwenyewe. Kila Krismasi tukipanda naye Ronge ananisifia ile vesti mbele ya watu, nami nainamisha kichwa, na wote wanadhani ni unyenyekevu.

Kuna jambo moja nakuomba. Yule wa stoo hawezi kukuagizia saizi bila vipimo, na wanaume hawajui kumpima mwanamke, watakisia. Nimejaribu kuvitoa kwenye gauni lako la kipaimara, lakini hilo nililishona zamani, na mabega yako yamebadilika na haya mafunzo. Kifua, mabega, ubavu, kutoka pale shimo la koo linapokutana na mfupa hadi vidole viwili juu ya kitovu, na tena ukiwa umekaa, maana ukikaa vesti isikupande kooni.

Najua tangu Jumapili hutaki nikuguse. Lakini asubuhi, kabla hujafunga buti, simama kidogo hapa mbele ya kioo uinue mikono. Huhitaji kuongea, wala mimi sitaongea. Nitakuwa na tepu na penseli tu. Mkasi nimeufungia kwenye droo, pamoja na kile kishikio kimoja cha manjano kilichobaki, na ufunguo nimeuweka ndani ya kiatu chako cha kushoto. Uende nao.

Mama yako,
aliyekukatalia kwa mara ya kwanza kushona kitu